Santuri ya Mwimbaji Asiye na Jina

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka chai hunipoa mkononi. Nami si mtu wa kuacha chai ipoe. Wanaonijua watakwambia nikianza kusimulia hata kuku hukaa chini wasikilize, na samaki niliyemvua mimi huzidi kurefuka kila mwaka unaopita. Ni kweli, naongeza chumvi. Cheti changu cha masomo ya jioni ya watu wazima, nilichokipata nikiwa na mvi na wajukuu wawili, nimewatangazia watu kuwa nilikuwa wa kwanza Pwani nzima, ilhali darasani tulikuwa saba, na siku ya mtihani wawili walikuwa wagonjwa. Lakini hili ninalokuandikia leo sikuliongeza kitu. Hili ningependa kulipunguza, wala halipunguki.

Juzi nilikuona barazani na wenzako, simu zikipita mkono kwa mkono. Mlikuwa mkibishana albamu mpya ya fulani ina nyimbo ngapi, nani kapiga gitaa katika wimbo wa tatu, bendi ipi ilivunjika kwa ugomvi na ipi kwa mapenzi. Nilikuwa nakusikilizeni huku nacheka peke yangu, maana nilijiona mimi mwenyewe. Kisha mmoja wenu akasema yupo mwimbaji anayeficha uso na jina, na kwamba yeye kamgundua ni nani na anakaa wapi, na usiku wa Ijumaa ataliweka jina lake hadharani watu wote walione. Mkampigia makofi. Nikainuka nikaingia ndani, nawe ukadhani babu yako nimechoshwa na kelele. Sikuchoshwa na kelele.

Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa hapa Amu, kisiwani Lamu, nami kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yangu kupaka chokaa nyumba za watu. Muziki siku zile ulikuwa kitu cha kushika. Santuri ilikuwa nzito kama sahani ya udongo, na ikianguka ilivunjika kama sahani. Upande mmoja wimbo mmoja, dakika tatu, basi. Gramafoni katika mtaa wetu ilikuwa moja, ya Fundi Shee mshonaji, ya kuzungusha kwa mkono, na nikikuapia kwamba sauti yake ilifika Mogadishu usiniamini, lakini ilifika msikitini, na imamu alishaleta malalamiko mara mbili.

Kila alasiri, baada ya sala, tulikaa kwenye baraza ya Fundi Shee, watu kumi, kumi na watano. Tulikuwa na mchezo wetu. Fundi alikata kitambaa cha duara chenye tundu katikati, akakiweka juu ya karatasi ya santuri ili maandishi yasionekane, kisha akaizungusha. Mshindani alitakiwa kumtaja mwimbaji, mpiga udi, mpiga fidla, na upande wa santuri, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Ukipatia, unakaa kwenye kigoda kando ya gramafoni, unashika kikopo cha sindano, na wewe ndiye mwenye kuamua nini kipigwe na mara ngapi, mpaka atokee wa kukushinda. Kigoda kilikuwa kibovu, kilibana makalio, lakini mwanangu, sijakaa mahali patamu kama pale tangu kuzaliwa.

Nilikikalia miezi minane. Nilijua mpiga fidla yupi hukwaruza kamba akipanda juu, na mpiga udi yupi hukohoa. Watu walikuja kutoka Shela kunijaribu wakarudi kimya. Baba yangu alisema lau Qurani ningeihifadhi namna ile ningekuwa kadhi.

Kisha akaja Mbarak. Mbarak alikuwa mchuuzi wa vitambaa, mtu wa kuzunguka bandarini, leo Mombasa, kesho Amu, kesho kutwa Mtangawanda na Kizingitini. Santuri mpya zote zilifika kwetu ndani ya majora yake. Si mtu mbaya, ila alikuwa na ulimi mwepesi na kicheko cha kukufanya ujione mshamba. Alinishinda siku moja mbele ya wote, kwa santuri ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeileta. Nikateremka kigodani. Akanipigapiga begani, akaniambia, "Pole, Bwana Athumani. Kwa mpaka chokaa kama wewe, umejitahidi sana."

Mwezi mzima nilipaka kuta za watu nikiyarudia maneno yale. Kuta zilitoka vibaya.

Sasa nikutajie mtu wa tatu, ambaye ndiye khasa wa kisa hiki. Bi Rukia alikuwa mwalimu wa chuo cha Qurani, nyumba yake imegusana ukuta na duka la Fundi Shee. Chuo chenyewe kilikuwa ukumbi wake wa chini, mkeka, na watoto thelathini kila mmoja na ubao wake. Nusu ya vijana wa baraza ile tulisoma kwake tukiwa wadogo. Alikuwa na desturi yake: kabla ya kuanza kusoma aya ili tumfuatishe, alivuta pumzi ndefu, akagonga ubao kwa ukucha mara mbili, taratibu. Ndipo sauti ikatoka. Sauti yake sitaisifu, maana chumvi yangu haitoshi. Mumewe, Bwana Haji, alikuwa na duka la samaki wakavu Kizingitini na mke mwingine huko, akija Amu mara moja kwa mwezi. Walikuwa na mtoto mmoja, Maryamu, wa miaka tisa, aliyesumbuliwa na macho. Mwaka ule Bi Rukia alikuwa amempeleka Mombasa kwa matibabu, wakakaa miezi mitatu kwa jamaa zao, wakarudi macho ya mtoto yakiwa nafuu.

Basi, alasiri yenyewe. Mbarak alikuwa amerudi, amekaa kigodani pangu, kikopo cha sindano mapajani. Akamuuliza Fundi Shee iko wapi ile santuri aliyomwachia safari iliyopita, ile yenye karatasi nyekundu, mbona haisikii ikipigwa. Fundi akasema ina kasoro, inaruka. Mbarak akasema santuri zake haziruki, akainama chini ya meza ya cherehani, akapekua, akaitoa chini ya rundo la vitambaa. Nilimwona Fundi Shee akimtazama kwa uso wa mtu aliyekanyaga mwiba asitake kulia. Nikaona, na sikujiuliza.

Mbarak hakutaka hata kufunika karatasi. Alisema hii kufunika au kutofunika ni mamoja, kwa sababu jina halipo, pameandikwa tu "Binti wa Visiwani", na Mombasa nzima inaumwa kichwa kumjua ni nani. Yeye, alisema, ana hakika ni mtu wa Unguja, na yeyote katika sisi atakayethubutu kusema vingine ajitokeze. Akaweka sindano.

Udi ukatangulia, kisha fidla. Kisha vyombo vikanyamaza kidogo, na katika ule unyamavu, mwanangu, nikasikia pumzi ndefu ikivutwa. Na ukucha ukagonga ubao mara mbili.

Ilikuwa kama mtu kanimwagia maji ya kisima mgongoni. Wimbo wenyewe ulikuwa wa mapenzi, maneno safi, hata bibi yako angeuimba mbele ya wakwe, lakini sikuusikiliza. Nilikuwa nawatazama wenzangu. Nilimtazama Kale, aliyekuwa akikaa kando yangu mkekani tukiwa chuoni: ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Omari, naye wa chuo kile, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka. Nikajiambia, hawa hawajui. Wamesoma mkeka mmoja na mimi na hawajui. Mimi peke yangu ndiye niliyejua, na kigoda kile kiko hatua mbili.

Wimbo ukaisha. Mbarak akasema, "Haya, wanachuoni wa Amu. Mbona kimya? Au masikio mmeyaacha baharini?"

Nikasema huyo si mtu wa Unguja.

Fundi Shee akaniwahi. Akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho katika kazi yake, "Athumani, yambo hili liate."

Nilidhani ananiambia niliache kwa kunionea huruma, nisijiaibishe tena. Mwanangu, hapo ndipo penyewe. Kama kuna dakika moja katika umri wangu ningeruhusiwa kuirudia, nisingeomba ya harusi yangu wala ya kuzaliwa baba yako. Ningeomba ile. Nilisimama, nikatoa kifua mbele, nikasema, "Ni Bi Rukia. Mwalimu wetu. Yupo nyuma ya ukuta huu."

Mbarak akanitazama, akautazama ukuta, kisha akacheka mpaka akashika tumbo, akapiga makofi. Vijana wawili watatu, watu wa kuja ambao hawakusoma kwake, nao wakapiga makofi, wakaniinua juu juu wakanikalisha kigodani. Wale wengine hakuna aliyepiga hata kofi moja. Kale akatupa kijiti chake akaenda zake. Fundi Shee akainua santuri, akafunga kifuniko cha gramafoni, akasema duka limefungwa, na jua bado liko juu.

Watu walipotawanyika alinishika mkono akaniambia kwamba walijua wote. Yeye aliijua sauti ile siku ya kwanza alipoipiga peke yake, maana aliisikia kila siku kupitia ukutani. Aliwaendea mmoja mmoja wale waliosoma pale, akawaomba waifunge siri hiyo vifuani, wakaapa.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Mbona hukuniambia mimi?"

"Kwa sababu tunakujua," alisema.

Mimi nilikuwa wa mwisho kujua na wa kwanza kusema. Na Mbarak kesho yake alikuwa na safari ya Kizingitini.

Siku nne hazikupita. Kizingitini watu walikwenda dukani kwa Bwana Haji, wakanunua samaki, wakamuuliza iwapo mkewe wa Amu anaimba kwa pishi au kwa ratili. Mtu mzima, mwenye heshima zake, amesimama nyuma ya mizani yake anaulizwa vile mbele ya watoto. Simtetei, nakueleza tu ilivyokuwa. Alileta barua ya talaka kwa mkono wa nduguye, na nduguye huyo huyo akarudi na Maryamu. Wazee wa mtaa walikaa, wakauliza, wakaguna, wakasema mtoto ni wa babake.

Na chuo. Hakuna mzazi aliyekuja kutukana, hapana, watu wetu wana adabu. Walituma watoto wakubwa kuja kuchukua mbao. Asubuhi ya kwanza zilichukuliwa sita. Nilikuwa napaka chokaa nyumba ya mkabala, juu ya ngazi, naona mlango wake. Mtoto anaingia, anatoka na ubao kwapani. Siku ya pili zikaenda kumi na moja. Siku ya tatu niliteremka ngazini nikaomba kazi mtaa mwingine.

Hapo nilidhani naweza kulitengeneza. Nilimwendea Fundi Shee nikamwomba santuri ile, akanipa bila kuuliza. Nikaipeleka kwenye mawe ya ufukoni nikaivunja, vipande vyake nikavivunja tena, nikavitupa majini. Nilijiambia sasa hakuna ushahidi. Niliona kama nimefanya wema mkubwa, na nilirudi nyumbani nikala wali.

Siku aliyokuwa anaondoka kwenda Chundwa, kwa kakake mwenye shamba, nilikwenda kumtaka radhi. Nilibisha hodi, nikakaa kwenye kizingiti cha ukumbi, naye akakaa nyuma ya pazia. Ukumbi ulikuwa mtupu, hata mkeka umekunjwa. Nikalia kwanza, maana nilikuwa nimepanga maneno mazuri yakanikimbia. Aliningoja nimalize, kama alivyokuwa akitungoja tukisahau aya.

Kisha akanieleza, wala sikumuuliza. Nyumba waliyofikia Mombasa ilikuwa na wapiga vyombo. Walimsikia akimwimbia Maryamu wakati wa kumtia dawa, maana dawa ilichoma na mtoto hakutulia ila kwa wimbo. Wakamwomba aimbe wimbo mmoja kwenye mashine. Alikataa wiki mbili. Kisha akakubali, kwa sharti jina lake lisiandikwe wala lisitajwe. "Wale watu walikuwa hawanijui," alisema. "Nao walitimiza."

Nikainama nikatazama mkeka uliokunjwa.

Akauliza, "Walikushangilia?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa muda gani?"

Nikafikiri. Sikutaka kumwongopea. Nikasema, "Haikufika magharibi, Mwalimu."

Nilingoja, kisha nikaondoka.

Chundwa na Kizingitini si mbali, ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini Bwana Haji alimkataza mtoto asivuke mpaka wa mji. Mara mbili Bi Rukia alikwenda, akasimama mbali na kisima wanapoteka maji watoto wa kike. Mara ya pili alirudishwa. Watu wa Chundwa waliniambia hakuwa akiimba tena, hata akitwanga, hata akibembeleza mtoto wa jirani, na wala hakufungua chuo kingine. Mwaka wa tatu alishikwa na homa akafa. Habari zilinifikia siku ya sita, nikiwa juu ya ngazi.

Miaka saba ilipita tangu alasiri ile, nami nimeshaoa, nimeshaacha kwenda barazani kwa Fundi Shee, wala sikukikalia kigoda kile tena. Asubuhi moja mwanamke kijana alibisha hodi kwetu, amefuatana na mama mkwe wake. Alikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja, macho yake mazima. Alikuwa Maryamu. Nikawakaribisha ndani.

Alizungumza kwa adabu, kama mtu aliyeyafanyia mazoezi maneno yake njiani. Alisema ameambiwa mamake aliwahi kuimba katika santuri. Aliondolewa kwake angali mdogo, na sasa uso wake anaukumbuka, mikono yake anaikumbuka, lakini sauti imemtoka. Anajitahidi usiku na mchana na haimjii. "Wakaniambia Amu kuna Bwana Athumani, hakuna ajuaye santuri kama yeye," alisema. "Nimekuya kuisikiliza. Mara moya tu."

Nikamwambia imevunjika. Sikumwambia aliyeivunja, kisha nikaona haya, nikamwambia. Yeye hakupandisha sauti. Aliuliza kama hakuna nyingine. Nilikuwa nimeshaandika Mombasa, nimeshamuuliza kila mchuuzi aliyeshuka gatini, kumbe zilitengenezwa chache na hazikutengenezwa tena.

Basi nikafanya nilichokijua. Nikamweleza. Karatasi ilikuwa nyekundu, mwanangu. Ilikuwa upande wa kwanza. Udi ulitangulia, fidla ikafuata, mpiga fidla alikuwa yule wa kukwaruza kamba akipanda juu. Yote haya nilikuwa nayo, miaka saba, hayajapungua hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na sauti?" akauliza.

Nikafungua kinywa nikajaribu. Niliuimba mstari wa kwanza, kama nilivyoukumbuka, kwa koo langu hili la chokaa. Mama mkwe aligeuza uso. Maryamu aliinamisha kichwa akasikiliza kwa makini, kama anayetafuta kitu sakafuni, na nilipofika mwisho wa mstari alitikisa kichwa polepole.

"Ahsante, Bwana Athumani," alisema. "Lakini huyo ni wewe."

Akatengeneza buibui lake, wakaondoka.

Mwanangu, sikukatazi muziki. Jua nyimbo zako zote, jua nani kapiga nini, bishana mpaka povu likutoke, ni raha halali na mimi nimeila. Ninachokuambia ni hiki. Jina ambalo mwenyewe amelificha, ukilipata, hukupata ushindi, umepata amana, na amana hairushwi mbele ya watu ili wakupigie makofi. Hujui amemficha nani jina hilo. Pengine wapo wengi wanaojua, nao wamenyamaza kwa sababu wanampenda, na wewe unawaona wajinga. Na ukishasema, usidhani utakimbilia kufuta. Nilifuta mimi, na nikafuta kile kile kilichostahili kubaki. Mwambie rafiki yako haya kabla ya Ijumaa. Akicheka, mlete kwangu nimweleze mwenyewe, na sitaongeza chumvi.

Namwomba Mola, aliyekupa masikio makali kama yangu, akupe na kifua kipana kuliko changu. Aifanye nyumba yako iwe mahali ambapo mtu huimba bila hofu. Amrehemu Bi Rukia, amtulize moyo Maryamu popote alipo. Na wewe akuepushe na furaha ambayo mwingine huililia. Amina.